Gari Ambalo Halikulala Uani

Simu ya Bi Mwanahawa haina salamu. Amepita themanini sasa, na anaamini kila sekunde ya simu kuna mtu anaikata mahali fulani, kwa hiyo akipiga huanzia katikati ya habari. Jumanne ile nilikuwa nachambua mchele barazani kwangu, Tabora. Simu ikaita, nikaiweka sikioni, akasema, "Mtani wako ametutoka jana adhuhuri. Leo tumemzika. Njoo utimize kazi yako." Nikauliza, "Salehe?" Akajibu, "Kwani mtani mwingine unaye?" Akakata. Nikabaki na ungo mapajani. Ule mchele sikuumaliza kuuchambua, na niliporudi wiki iliyofuata nilikuta kuku wa jirani wamenisaidia.

Mimi ni Mnyamwezi na Salehe alikuwa Mluguru, na watu wetu ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa. Anachukua kitoweo sahanini mwako na wewe unamtazama tu. Ukifa, wenzako wanalia, yeye anakuja kukuiga ulivyokuwa ukitembea na ukikohoa, mpaka wafiwa wacheke na kupumua. Mtani halii. Kazi hiyo nimeifanya kwenye misiba mingi, na nasema bila haya kwamba naiweza; kuna familia hapa Tabora mpaka leo wananisimulia nilivyomwiga babu yao akidai chai. Lakini nilipopanga begi kwenda kwa Salehe nilijua kabisa kwamba hii siiwezi. Chini ya vitenge niliweka bisibisi ndefu ya mpini wa mti, ambayo nimekaa nayo miaka thelathini na kidogo. Asubuhi yake nikapanda basi.

Nilipofika Morogoro mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya niliyepangiwa shule ya msingi, na nikapata chumba Bigwa, kwa Bi Mwanahawa. Kilikuwa chumba cha mwisho, upande wa uani. Kitanda cha futi tatu na nusu, meza ya kusahihishia madaftari, ndoo mbili, na dirisha moja la wavu lililotazama gereji ya mdogo wake, Salehe. Gereji ni neno kubwa. Zilikuwa nguzo nne, bati zenye matundu, benchi, na udongo ulioshiba oili mpaka ukawa mgumu na mweusi. Nyuma yake palikuwa na ua wa michongoma, na nyuma ya michongoma mlima wenyewe, ambao asubuhi nyingi hauonekani kwa ukungu na mchana unakuwa karibu mno, unaona hadi moshi wa majiko ya watu wa juu. Chumba kilinuka vitu viwili, petroli na mdalasini, kwa sababu Bi Mwanahawa alianika magome ya mdalasini ya ndugu zake wa Kinole, kijiji cha huko mlimani, juu ya ubao chini ya dirisha langu. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta naisubiri ile harufu ya pili, na haiji.

Siku ile ya kwanza nilimwamkia Bi Mwanahawa shikamoo, akaitikia, akauliza kwetu wapi. Nilipomwambia, hakunijibu mimi, aligeukia uani akaita, "Salehe, mpagazi wako kaja." Akatokea mwanamume mwembamba wa miaka thelathini hivi, anajifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. Akalitazama sanduku langu. "Mzigo wa nani huu?" "Wangu." "Haiwezekani. Mnyamwezi habebi mzigo wake, anabeba wa watu." Nikamtazama kuanzia miguuni. "Na wewe mbona umesimama umeinama? Hapa tambarare, mlima umeuacha huko nyuma." Bi Mwanahawa alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, na mimi nikajua nimepata nyumba. Jioni hiyo tulikula mkekani, ugali na kisamvu cha nazi na samaki, na Salehe akanyoosha mkono akachukua kipande changu cha samaki bila hata kunitazama. Nilimtukana ukoo mzima. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nachagua kipande kikubwa makusudi, ili akichukue.

Kazi yake hasa haikuwa kutengeneza magari. Alikuwa fundi wa kukagua. Watu wa Bigwa, wafanyabiashara wa mjini, walimu wa chuo kule Mzumbe, mtu yeyote aliyetaka kununua gari lililokwishatumika alilipeleka kwanza kwa Salehe, naye akasema kama injini ni nzima au imeumia. Alikuwa na sharti moja: gari lilale uani kwake. Ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga ya Bi Mwanahawa, na hakuna aliyeligusa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hapo Salehe aliweka kiganja juu ya boneti, kama mama anayepima homa, na likiwa la baridi kabisa ndipo aliliwasha. "Injini ikishapata joto inajua kujibu," nilimsikia akimwambia bwana mmoja wa Mzumbe aliyekuwa na haraka. "Mimi nataka kuisikia kabla haijajua kuna mtu." Yule bwana alilalamika, lakini gari lililala.

Nilijifunza kazi ile nikiwa kitandani. Kila kitu kilipita kwenye wavu wa dirisha: wauzaji wakijisifu, wanunuzi wakinong'onezana, Salehe akiuliza maswali mafupi. Nilijua kwamba kifuniko cha oili kikiwa na ute mweupe ndani yake, maji yameingia mahali yasipotakiwa. Nilijua moshi wa bluu ni injini inayokula oili, na kwamba alishika kitambaa cheupe mbele ya bomba la moshi ili mnunuzi ajionee mwenyewe. Jumapili moja akaniita kupitia dirishani. "Wewe mwalimu gani hujui kusikiliza? Njoo." Akaniwekea mpini wa bisibisi kwenye sikio, akashika ncha yake juu ya injini iliyokuwa inaunguruma. "Hiyo ya juu, nyepesi, ya cherehani, hiyo tapeti. Haiui mtu. Sasa twende chini." Akaishusha ncha. Nikasema sisikii kitu. "Basi huo ndio uzima. Chini ukisikia kitu kizito, ko, ko, ko, beringi zimekwisha, hiyo inanoki. Inaweza kutembea mwezi, lakini imeshakufa." Alikuwa amesimama karibu sana, mkono wake mmoja begani kwangu ili nisitikisike. Nilisikia mengi siku hiyo ambayo hayakutoka kwenye injini.

Tukazoea mchezo. Akimaliza kukagua, mbele ya mnunuzi na muuzaji, aligeukia dirisha langu na kuuliza kwa sauti ya hakimu, "Mnyamwezi, unasemaje?" Nami nikajibu, "Maiti. Tuzike." Kila gari. Zima, bovu, jipya, maiti, tuzike. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya ukaguzi na wanabaki kusubiri hukumu ya Mnyamwezi. Siku nyingine niliongeza manjonjo. Nilitoa uso nje, nikakunja ndita, nikasema, "Utani kando, fundi," na wote wakanyamaza, kisha nikasema gari hili lilikufa kabla mwenyewe hajazaliwa. Maneno hayo, utani kando, ndiyo watani wote huyatumia wanapotaka kupigilia msumari mkubwa kuliko yote. Niliyatumia mwaka mzima, kila siku, bila kujua kwamba nayamaliza.

Hata lile jambo lingine nililisema kwa maneno hayohayo. Jioni moja mkekani, Bi Mwanahawa anamimina chai ya mdalasini, nikasema, "Utani kando, Salehe, mimi nakupenda." Bi Mwanahawa alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye magimbi. Salehe akasema, "Na mimi nakupenda, mke wangu. Haya, kaniletee michembe ya viazi ya kwenu." Nikacheka kuliko wote. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikasahihisha hesabu za darasa la nne, nikawapa vema wote, waliopata na waliokosa. Nilikuwa nimesema kweli. Sijapata kusema kweli ya namna ile tena maishani, hata kwa marehemu mume wangu, Mungu anisamehe, na alikuwa mtu mwema.

Mwisho wa masika akashuka Mzee Mkude kutoka Kinole, kaka wa mama yao. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kuja kusalimia akaondoka. Akija, kuna jambo. Nilimwamkia, nikamwekea kiti chini ya bati za gereji, nikarudi kwenye madaftari yangu, na nikiri kwamba sikusahihisha hata moja. Mzee alisema ndizi zinaozea juu kwa sababu wenye magari wanapanda wanapotaka wao. Ukoo umeuza ndizi na iliki za msimu mzima, umekubaliana, utanunua pikapu. "Wewe utaikagua, na wewe utaiendesha. Utarudi nyumbani." Nilijua Salehe alivyokuwa akilitamani jambo hilo. Alishaniambia siku moja, bila utani, kwamba anachoka kuwaambia watu wengine kwamba magari yao ni mazima. Mjomba akaendelea, "Na mwanamume mwenye gari huko juu hakai bila mke. Zaina ameshakuwa mtu mzima. Tumeshaongea na kwao." Kisha Salehe akasema, "Nimesikia, mjomba."

Basi nikawa na mambo mawili moyoni na hayakai pamoja. Nilitaka apate gari lake, kwa sababu nilimpenda, na nilitaka gari hilo lisipatikane kabisa, kwa sababu hiyohiyo. Wiki mbili nzima Salehe alikuwa mchangamfu, anapiga miluzi, ananiambia nikitaka nitapanda nyuma pamoja na ndizi. Nilimjibu kwamba mimi sipandi gari la mtu anayetembea ameinama. Kipande changu cha samaki akakichukua kama kawaida. Mimi sikuwa na njaa siku zile.

Pikapu ilipatikana, ya bwana mmoja aliyekuwa amefikia kwa shemeji yake, mitaa miwili kutoka kwetu. Ilikuwa iletwe Ijumaa ilale uani. Ijumaa haikuja, alituma salamu kwamba amechoka safari, ataileta Jumamosi asubuhi. Jumamosi hiyo Mzee Mkude alikuwa ameshashuka na wazee wengine wawili wa ukoo, wamelala kwetu, na Bi Mwanahawa akanituma mapema kununua vitumbua vya kunywea chai. Nilikuwa narudi na beseni kichwani, jua halijatoka, nikapita kwenye nyumba ya yule shemeji. Pikapu imesimama nje, nyeupe, imeoshwa. Mwenyewe akaingia, akaiwasha. Ikagonga. Chini kabisa, kizito, ko, ko, ko, ko, kama sekunde tano, kisha ikanyamaza ikawa laini. Nilisimama pale na beseni langu. Salehe alishanifundisha hilo pia: wakimimina oili nzito kupita kiasi, ikishapanda kwenye beringi inafunika sauti yote, mpaka siku injini ichemke mlimani na oili iwe nyepesi. Pikapu ikaondoka kuelekea mjini, si kwetu.

Ilifika kwetu saa mbili na nusu, tumeshakunywa chai. Ilikuwa imezungushwa mpaka Msamvu na kurudi. Salehe akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa haraka. "Hii imeshaamka," akasema. "Ilale hapa leo, kesho asubuhi nitaiona." Mwenye gari akatoa maneno yake: kuna mtu wa Mzumbe anaitaka, anakuja saa sita, yeye hana shida, ni hiari yao. Wazee wakatazamana. Mzee Mkude hakugomba. Alisema tu, taratibu, "Kwani wewe ni fundi wa magari yaliyolala tu?" Wazee wakacheka, na mwenye gari akacheka nao. Mjomba akisema hivyo mbele ya wazee wa ukoo, mpwa anafanya nini? Salehe akachukua bisibisi yake. Alikagua kifuniko cha oili, kikavu. Moshi, hakuna. Aliweka mpini sikioni, akasikiliza juu, akasikiliza chini, muda mrefu kuliko kawaida. Niliona uso wake ukilegea. Alikuwa anaisikia nzima, na alitaka iwe nzima.

Kisha akageukia dirisha langu, kama kawaida yetu. "Mnyamwezi, unasemaje?" Wazee wakageuka pia, wameshaanza kutabasamu, walikuwa wamesimuliwa. Nikatoa uso. Nikasema, "Utani kando. Hii nimeisikia alfajiri kwa shemeji yake. Inagonga chini." Uani kukalipuka kicheko. Mzee Mkude akajifuta machozi kwa kofia. "Basi ni nzima," akasema. "Huyu angeisifu ndiyo ningeogopa." Mwenye gari alicheka kuliko wote. Salehe naye alicheka, lakini macho yake hayakuondoka dirishani. Alikuwa ananisubiri. Nimekaa na macho hayo miaka yote hii, na najua alikuwa ananisubiri.

Ningeweza kutoka nje. Ningeweza kuchomoa stiki ya oili na kumwonyesha ilivyo nzito. Nilijua kuifanya, alinifundisha mwenyewe. Ningeweza kumvuta pembeni kwa mkono. Lakini nilijiuliza, ulisikia kweli, au ulitaka kusikia? Kwa sababu wiki mbili nilikuwa nimelala na kuamka nikiomba gari hilo lisiwepo, na sasa sikio langu mwenyewe sikuliamini. Nilimwogopa Zaina ambaye sikuwahi hata kumwona. Na wazee wale walikuwa wananitazama kwa furaha, wanangoja neno lao. Nikasema, "Maiti. Tuzike." Wakapiga makofi. Salehe akageuka, akamwambia mjomba wake kwamba gari ni zima.

Ilitembea siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, kwenye kupanda Kinole, imejaa mbolea na mabati ya watu, konrodi, ule mkono wa chuma unaosukuma injini kutoka ndani, ikakatika ikatoboa bloki ya injini. Hakuna aliyeumia. Watu waliteremsha mizigo wakaibeba kichwani, kama siku zote, na pikapu ikavutwa mpaka uani kwetu ikakaa pale na tundu lake. Mzee Mkude hakumtukana Salehe. Alikuja, akaliona tundu, akaingiza vidole viwili ndani yake, akavitoa, akavifuta. Akasema, "Ulituambia nzima." Salehe angeweza kusema ni wewe mjomba uliyenikatiza, au kwamba Mnyamwezi alisema. Akajibu tu, "Ndiyo, mjomba." Wateja nao wakapungua, maana nani ampelekee gari fundi aliyeshindwa kulijua la ukoo wake? Mwezi haukuisha akaambiwa apande Kinole akalime mashamba ya ukoo mpaka msimu ule uliopotea urudi. Zaina alikuwa huko. Nililoliogopa kwa gari zima likaja kwa gari bovu.

Asubuhi ya kuondoka alikuja dirishani kwangu. Nilikuwa najiandaa kwenda shule, vumbi la chaki ya jana bado kwenye viatu. Hakunitania, na hapo ndipo nilipoogopa. "Ulisema," akasema. "Nilisema." "Mbona hukulia?" Nikacheka, basi tu, mdomo umezoea. "Mtani halii, Salehe." Akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Lakini ungelia ningejua." Sikujua kama anaongelea gari tu, na sikuuliza. Kisha akapenyeza bisibisi yake pembeni ya wavu, palipokuwa pamechanika. "Kaa nayo. Sikio langu limeniaibisha." Akachukua mfuko wake, akapita kwenye michongoma. Alikuwa anatembea ameinama kidogo, na safari hii kweli alikuwa anaelekea kupanda.

Mwaka uliofuata niliomba uhamisho. Nilirudi Tabora, nikaolewa, nikazaa, nikafundisha, nikastaafu. Habari zake nilizipata kwa simu zisizo na salamu: amerudi Bigwa, amefungua tena, watu wameanza kumwamini. Sikuwahi kwenda. Mara ngapi nimefunga safari kichwani nikaifungua mlangoni? Siku hizi mwanangu akitaka kununua gari fundi anachomeka waya, kioo kinawaka, kinasema ubovu kwa namba, na kijana wa watu anakiamini kama hakimu. Sina ugomvi na kioo. Lakini mimi mpaka leo nikipita kando ya gari lililosimama, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye boneti. Mwanangu anaona haya, ananiambia, "Mama, watu watadhani unataka kuiba."

Nilifika Bigwa siku ya tatu, siku ya kuanua tanga. Dirisha langu lipo, wamelitia vioo. Bati ni mpya. Na pale kwenye gereji, palepale, nikaiona ile bloki ya pikapu na tundu lake. Bi Mwanahawa akanieleza kwamba Salehe hakukubali iuzwe chuma chakavu. Ilikuwa kiti chake, na kila mnunuzi mwenye haraka alionyeshwa tundu kwanza. Wanawake walikuwa mikekani, wanaume kwenye viti. Mzigua mmoja mnene, mtani kama mimi, alikuwa chini ya benchi anamwiga marehemu, anadai spana namba kumi na mbili, na akipewa anasema si hiyo. Watu walikuwa wanacheka kwa machozi, namna inavyotakiwa. Bi Mwanahawa akaniona nimesimama na begi langu. Akanyanyua mkono, watu wakanyamaza, akauliza kwa sauti ya hakimu, sauti ya mdogo wake, "Mnyamwezi, unasemaje?"

Nilifungua begi nikatoa bisibisi. Minong'ono ikapita, kuna walioijua. Nikaenda mpaka kwenye bloki, nikaweka ncha juu yake, chini kabisa, kando ya tundu, mpini nikauweka sikioni. Nikafumba macho. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, maneno yangu mwenyewe, nimeyasema mara mia mahali pale, na yote mawili siku hiyo yalikuwa kweli. Nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia nimepiga magoti kwenye udongo wa oili, bado nimeshikilia mpini sikioni. Na uani kukalipuka kicheko. Walicheka wote, Mzigua alitoka chini ya benchi akapiga makofi, mwanamke mmoja akasema huyu ndiye mtani, tazama anavyojua kulia. Hata Bi Mwanahawa alicheka. Nilizidi kulia, nao wakazidi.

Mkono ukanigusa. Alikuwa binti wa makamo, mtoto wa Salehe. "Mama anakuita ndani," akasema. Nikaingia chumba chenye giza kidogo, mjane amekaa mkekani katika eda yake, amejifunika nguo nyeupe. Zaina. Ni mwanamke mfupi, mwenye uso mpole, na miaka yote ile nilikuwa nimempa uso mwingine. Nilijifuta kwa kitenge, nikampa pole, nikaanza kuomba radhi kwa vurugu niliyofanya nje. Akanishika kifundo cha mkono, mkono uliokuwa bado na bisibisi.

"Kaa," akasema. "Aliniusia kabla hajafa. Alisema akija Mnyamwezi mmoja akalia, wewe usicheke."